Kilomita 680, Miaka 38

Mwaka niliotoka kampasi bila digrii, nilipata kazi ya mtandaoni ya kuandika umbali kati ya miji ya Asia. Unapewa miji miwili, unaandika kilomita, unaandika muda wa ndege angani, unatuma, halafu unaanza kufuatilia pesa zako. Bangkok na Hanoi. Delhi na Kathmandu. Dakika kumi, umemaliza.

Kisha nikapewa Taipei na Shanghai.

Ukipima kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 680, karibu sawa na Nairobi hadi Dar. Ndege haifiki saa mbili. Ningeandika hivyo nilale, ila nilitaka kujua safari hiyo ilianza lini. Nikakuta kwamba hadi 2008 hakukuwa na ndege ya kawaida iliyopita njia hiyo moja kwa moja.

Mwaka 1949 Chiang Kai-shek alishindwa na Wakomunisti wa Mao kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, akavukia Taiwan na serikali yake. Walivuka naye watu zaidi ya milioni moja, wengi wao askari, na kati yao vijana wa rika langu waliodhani watarudi nyumbani karibuni. Mlango ukafungwa nyuma yao. Barua zilipenyezwa kupitia nchi za watu, na ukishikwa nayo ni kesi. Kusafiri ndiyo usiseme.

Mwaka 1987 askari hao, sasa wazee, waliandamana Taiwan wakiwa na fulana nyeupe zenye herufi mbili tu za Kichina, maana yake kukumbuka nyumbani. Novemba mwaka huo wakaruhusiwa kuzuru jamaa zao bara. Miaka 38! Wengi walioacha mama mlangoni walipokelewa na kaburi.

Na hata hapo, ilibidi upande ndege hadi Hong Kong, ushuke, ubadilishe, ndipo uelekee kaskazini. Zaidi ya kilomita 2,000 kufika mahali palipo kilomita 680.

Lakini kilichoninyima usingizi ni hiki. Mwaka 2005, kwa sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina, ndege za kukodi ziliruhusiwa kuruka bila kutua njiani. Julai 2008 zikawa za kila wikendi. Sharti moja: zipitie anga ya Hong Kong. Hapandi mtu, hashuki mtu. Rubani anashika kusini-magharibi, anaingia anga hiyo, kisha anageuka kwenda Shanghai, mafuta yakiungua, kwa sababu kukata mlangobahari moja kwa moja kulihesabiwa hatari kwa usalama wa kijeshi. Ati ndege inazunguka ili isionekane imetoka kule ilikotoka.

Tarehe 15 Desemba 2008 njia fupi ikafunguliwa na safari ikapungua kwa kama saa moja. Miji ilikuwa palepale ilipokuwa 1949.

Nilimwandikia mteja haya yote. Akajibu kwa mstari mmoja: tunataka umbali na muda tu. Nikayafuta, nikaandika 680, nikatuma. Nakala ilibaki kwenye simu yangu, na ndiyo hii umesoma.