Msiba na Utawala katika Tamthilia za Skandinavia

Mtu auawapo katika tamthilia za televisheni za Denmark na Sweden, hatuulizwi tu nani muuaji; twaulizwa pia nani alinufaika kwa ukimya. Njia hiyo ilifunguliwa na Maj Sjöwall na mwenzi wake Per Wahlöö, Waswidi walioandika riwaya 10 za upelelezi kati ya 1965 na 1975 ili kuzifichua kasoro za dola iliyojisifu kwa ustawi wa raia wake. Kisha, usiku wa tarehe 28 Februari, 1986, Waziri Mkuu Olof Palme, yule rafiki wa ukombozi wa Kusini mwa Afrika, akapigwa risasi mjini Stockholm akitoka sinema na mkewe, bila mlinzi. Jalada lilifungwa mwaka 2020, jeraha halikufungwa.

Ndipo twaelewa kwa nini tamthilia ya Forbrydelsen, ya mwaka 2007, ilitumia vipindi 20 kwa kifo cha msichana mmoja. Upelelezi waingia hata katika kinyang'anyiro cha umeya wa Copenhagen, lakini kila mara twarudishwa jikoni kwa wazazi wa marehemu. Hapo, kwa maoni yetu, ndipo penye nguvu yake. Nyingine humsahau marehemu mara tu apatikanapo mshukiwa. Hii hukaa matanga.