Mtoto asiye na shule kwenye jedwali: kisa cha Kabras

Najua niliahidi kuendelea na ile mada ya kuhifadhi nakala za data, lakini itabidi isubiri. Kuna jambo limenikaa kichwani majuma mawili sasa, na nisipoliandika hapa halitanipa nafasi ya kufikiria lingine.

Lilianza hivi. Nilikuwa natengeneza programu ndogo ya kuweka rekodi za wanafunzi. Kazi ya kawaida tu: jedwali la wanafunzi, jedwali la shule, jedwali la walimu. Kwenye jedwali la wanafunzi nikaweka safu ya namba ya shule, na nikaiamuru hifadhidata isikubali safu hiyo ibaki tupu. Sikufikiria hata sekunde mbili. Mwanafunzi lazima awe na shule, au sivyo? Kisha rafiki yangu aliyekuwa akiijaribu akaniuliza, "Na binamu yangu anayefundishwa nyumbani na mama yake, nimwingize wapi?" Akajaribu, programu ikakataa katakata. Mtoto anasoma vizuri, anajumlisha sehemu bila kuhesabu vidole, lakini kwa programu yangu hayupo duniani!

Hapo ndipo nilipokumbuka Kabras.

Kwa wasiopajua, Kabras ni eneo la kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega, na mji wake ni Malava, kwenye barabara kuu itokayo Kakamega kwenda Webuye. Wengi wenu mnalijua jina hilo kwa sababu ya sukari (huenda pakiti iko jikoni kwako sasa hivi) au kwa sababu ya timu ya raga. Mwaka 2021, baba mmoja wa huko Malava alikamatwa na kushtakiwa kwa kutopeleka watoto wake shule. Hakuwa amewatelekeza. Watoto walikuwa wakifundishwa nyumbani, na hivyo ndivyo familia ilivyokuwa imeamua. Baadaye yeye na mzazi mwingine walikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya Sheria ya Elimu ya Msingi.

Sasa tazama tena huo mwaka. Machi 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya korona. Masomo yakawa yanarushwa kwa redio na runinga, na wazazi wakaombwa wasimamie watoto wao nyumbani. Madarasa machache yalirudi Oktoba 2020, na wengine wote Januari 2021. Yaani kwa miezi kadhaa kila nyumba nchini ilikuwa darasa, tena kwa agizo la serikali. Ndiyo, ilikuwa dharura, sikatai. Lakini kukamatwa mwaka uleule shule zilipofunguliwa... mimi ningekuwa huyo baba ningekuna kichwa.

Tukirudi nyuma zaidi, mambo yanageuka kabisa. Huko magharibi mwa Kenya shule ndiyo iliyokuwa jambo geni. Wamishonari wa Friends, wale tunaowaita Wakweka, walifika Kaimosi mwaka 1902, na kazi yao ikaenea hadi huku kwa Wakabras. Kabla ya hapo mtoto alifundishwa na watu wa kwao: mvulana kwa baba na wajomba, kwenye mifugo na shamba, msichana kwa mama, na wote wawili jioni kwa kukhu, yaani nyanya, penye moto na hadithi. Shule za misheni zililazimika kubembeleza wazazi waachie watoto. Aliyekwenda kusoma alikuwa mtu wa pekee, akaitwa msomi. Serikali ya kikoloni ilianzisha Idara ya Elimu mwaka 1911, lakini haikumlazimisha mzazi Mwafrika apeleke mtoto shule. Ingemlazimishaje, na shule zenyewe zilikuwa za kuhesabu?

Baada ya uhuru ndipo shule ikawa kiu ya kila mtu. Tume ya Ominde ilitoa ripoti mwaka 1964, karo ya madarasa manne ya kwanza ikaondolewa 1974, ikarudi kwa milango ya nyuma kwa jina la michango ya majengo. Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bure, na wanafunzi wakaruka kutoka takriban milioni 5.9 mwaka 2002 hadi karibu milioni 7.2. Mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge akajiandikisha darasa la kwanza akiwa na umri wa miaka 84! Katika hali kama hiyo, nani angemfikiria mzazi ambaye mlango uko wazi, bure, naye anasema asante, tutabaki nyumbani?

Hakuna aliyemfikiria, na ukisoma sheria utaona. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Neno lililotumika ni elimu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 30, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria mara kwa mara shule, au taasisi nyingine itakayoidhinishwa na Waziri. Akikosa, faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kati ya 2010 na 2013 elimu imegeuka kuwa mahali. Nilipoisoma nilicheka peke yangu, maana aliyeandika kifungu kile na mimi niliyeandika lile jedwali tulifikiri namna moja. Hata NEMIS, mfumo wa wizara uliozinduliwa 2017, ulimpa mtoto namba yake ya utambulisho kupitia shule aliyosajiliwa. Huna shule, huna namba.

Lakini msikimbilie kuilaumu sheria. Kabras ni nchi ya miwa. Anayeujua ukanda ule anajua jinsi ilivyo rahisi kwa kijana wa miaka 12 kuiacha shule akakate miwa apate shilingi mbili tatu, na wako wazazi ambao hawatamzuia. Kifungu cha 30 kiliwekwa kwa ajili ya mtoto huyo, na mimi nakiunga mkono. Tatizo ni kwamba chifu akipita njiani saa nne asubuhi, mtoto wa miwa na mtoto anayesomeshwa mezani kwa mama wanaonekana sawa: wote hawana sare, wote hawako darasani. Ni data moja kwa mambo mawili tofauti kabisa.

Wako waliolitatua. Australia ilianzisha shule ya redio pale Alice Springs mwaka 1951, kwa watoto wa mashamba ya mbali sana. Mtoto alikaa kwao, mama akimsimamia, lakini jina lake lilikuwa kwenye daftari na mwalimu alimjua. Na hata sisi wenyewe tulikuwa na kitu cha namna hiyo: mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Nairobi, kikiwa bado chuo kishiriki, kilianzisha kitengo cha masomo kwa njia ya posta na redio. Wanafunzi wake wengi walikuwa walimu wa shule za msingi wasio na ujuzi wa kutosha. Yaani mwalimu aliruhusiwa kusomea nyumbani ili aende akawafundishe shuleni watoto wasioruhusiwa kusomea nyumbani.

Kwa maoni yangu, yale maneno "au taasisi nyingine" yangetosha. Waziri angeweza kuandika kanuni: familia ijisajili, mtoto apimwe kila mwaka, afisa wa elimu atembelee. Huyo wa miwa angeonekana mara moja, kwa sababu hangekuwa kwenye orodha yoyote.

Programu yangu nimeibadilisha. Jedwali la shule sasa linaitwa mahali pa masomo, na lina safu ya aina: shule, nyumbani, hospitali. Ilichukua dakika 40, pamoja na kurekebisha ripoti mbili zilizovunjika. Safu iliyonitesa ni nyingine, ile ya aliyethibitisha kwamba mtoto kweli anasoma. Kwa shule nimeweka mwalimu mkuu. Kwa nyumbani niliweka mzazi, nikafuta, nikaweka afisa wa elimu wa kaunti ndogo, nikafuta tena. Kwa sasa nimeiruhusu ibaki tupu.

Wiki ijayo turudi kwenye nakala za data, safari hii kweli.