Ulandanishi: mlio wa ndege na picha yake

Simama Same mjini ndege ikikatiza juu ya safu ya Upare. Ikiwa umbali wa mita 3,400, mlio unaolifikia sikio lako ulitoka kwenye injini sekunde 10 zilizopita, maana sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Tukiwa nje tumeshazoea. Kwenye sinema hatuvumilii: rubani akifungua mdomo, tunataka neno papo hapo. Kazi ya kuikutanisha picha na sauti yake ndiyo ulandanishi.

Mwaka 1933 Wamarekani Martin na Osa Johnson walikuja Afrika Mashariki na ndege mbili za Sikorsky zinazotua majini na nchi kavu, moja ikiwa na milia ya punda milia, nyingine mabaka ya twiga. Filamu ya safari hiyo, Baboona, ilitoka 1935, enzi ambayo sauti ilikwishaingia kwenye ukanda wenyewe, katika kijistari pembeni mwa picha. Hapo pana ufundi. Picha lazima isimame mbele ya lenzi mara 24 kila sekunde, ilhali sauti hutaka ukanda uende bila kusita. Ndiyo maana sauti husomwa mahali pengine, mbele kidogo ya lenzi, na kwenye ukanda wa milimita 35 huchapwa takriban picha 20 mbele ya picha yake. Fundi akiacha kitanzi kirefu mno kati ya sehemu hizo mbili anapopitisha ukanda, sauti huchelewa.

Mwaka huohuo wa 1935, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, watu wawili, Notcutt na Latham, walianza mradi wa filamu za mafunzo. Sauti ya kwenye ukanda ilikuwa ghali, wakarekodi maelezo kwenye santuri. Picha zilezile ziliweza kupewa santuri ya Kiswahili au ya lugha nyingine. Ila ukanda ukikatika na kuungwa, picha kadhaa hupotea ilhali santuri haipotezi kitu, na sauti huachwa nyuma.

Wengine husema kusawazisha. Neno hilo tuliachie kupandisha na kushusha sauti. Kulanda ni kuwa sawa na kitu. Kulandanisha ni kuvifanya viwili viende pamoja, na ndicho kinachotakiwa.

Wewe unayepiga video za harusi kwa kamera na kinasa sauti vilivyotengana, vyote vikishaanza kunasa, piga kofi moja mbele ya kamera. Picha ya viganja vinapokutana, ilandanishe na mlio wake.