Rubani Aliyechapwa na Sayari Zilizoshushwa Daraja

Jumapili ya tarehe 1 Aprili 1498, merikebu za Vasco da Gama zilifika penye msururu wa visiwa katika pwani ambayo leo ni ya mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji. Usiku uliotangulia, rubani Mwislamu aliyekuwa akiwaongoza Wareno aliwaambia kwamba nchi waliyoiona mbele yao ni bara. Kulipokucha, ikawa ni visiwa. Rubani akachapwa mijeledi, na kisiwa cha kwanza kikapewa jina la Ilha do Açoutado, Kisiwa cha Aliyechapwa.

Shajara ya safari hiyo inasema rubani alidanganya. Huenda. Lakini anayeijua bahari ya Wamwani, wenyeji wa pwani hiyo, hatakuwa na haraka ya kumhukumu. Macaloe, mojawapo ya Visiwa vya Kirimba kati ya Mocímboa da Praia na Ibo, ni ardhi ya matumbawe na mchanga isiyoinuka sana juu ya maji, na jirani zake ni visiwa vingine, miamba na mafungu. Wakati wa bamvua, maji yakitoka, fungu hujitokeza na mtu akalitembea kwa miguu. Yakijaa, chombo hupita juu yake. Ardhi ya namna hiyo iwe na ukubwa gani, na isimame peke yake kiasi gani, ndipo istahili kuitwa kisiwa? Wanaastronomia wamebishana juu ya swali linalofanana na hilo, la nini kiitwe sayari, kwa zaidi ya miaka 200, ingawa kwao hakuna aliyechapwa.

Manahodha waliopita mbele ya Macaloe waliigawa mbingu kwa kuangalia kipi kinawafaa. Zilizowafaa zilikuwa nyota zinazochomoza na kuzama mahali palepale mwaka nenda mwaka rudi. Kwa hizo waligawa upeo wa macho katika pande 32. Kimo cha nyota walikipima kwa kamali, kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, na hesabu yao ilikuwa ya vidole. Nyota ya kaskazini, Jah, haionekani kabisa kutoka Macaloe, kwa kuwa kisiwa kiko kati ya digrii 11 na 12 kusini mwa ikweta. Basi huku kusini walitazama nyota nyingine, zikiwemo za kundi la Banat Nash. Ahmad ibn Majid, baharia wa Julfar huko Ghuba, alitunga utenzi mzima wa njia ya kwenda Sofala. Hati yake ilihifadhiwa Leningrad, na Theodor Shumovsky akaichapisha mwaka 1957.

Sayari hazikuwa na kazi kubwa katika elimu hiyo. Nyota inayohamahama haimwonyeshi nahodha njia.

Waliozithamini walikuwa wanajimu, na hesabu yao ilikuwa saba: Jua, Mwezi, Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, kila moja na siku yake ya juma. Jumapili ni ya Jua, Ijumaa ni ya Zuhura, Jumamosi ni ya Zohali. Dunia haimo, kwa sababu ilidhaniwa imetulia katikati. Baada ya kitabu cha Copernicus cha mwaka 1543, Jua na Mwezi walianza kutolewa kwenye orodha na Dunia ikaingizwa. Kwa hiyo anayelalamika kwamba Pluto alionewa aliposhushwa daraja mwaka 2006 akumbuke kuwa Jua lenyewe liliwahi kuvuliwa cheo.

Kisa kinachofundisha zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, si cha Pluto. Ni cha Ceres. Giuseppe Piazzi alimwona akiwa Palermo tarehe 1 Januari 1801, katika nafasi tupu kati ya Mirihi na Mshtarii, na watu wakashangilia sayari mpya. Mwaka uliofuata akaonekana Pallas katika eneo lilelile, kisha Juno mwaka 1804 na Vesta mwaka 1807. Vitabu vikahesabu sayari kumi na moja. Tangu mwaka 1845 wakaanza kumiminika wengine, na kufikia katikati ya karne hiyo wote walikuwa wametengwa katika kundi la asteroidi. Ceres hakupungua hata chembe. Kilichobadilika ni kwamba majirani zake walijulikana. Baadaye Afrika nayo ikapata majina katika kundi hilo: Cyril Jackson, akiwa Johannesburg, aligundua asteroidi zilizoitwa Zambesia mwaka 1932, kisha Kenya na Uganda mwaka 1933.

Pluto alipita njia ileile, ila polepole. Clyde Tombaugh alipomgundua tarehe 18 Februari 1930, wengi walidhani uzito wake unakaribia wa Dunia. Makadirio yakashuka mwaka hadi mwaka, mpaka mwaka 1978 James Christy alipoona mwezi wake, Charon, na hesabu ikatoa kama asilimia 0.2 tu ya uzito wa Dunia. Mwaka 1992 David Jewitt na Jane Luu wakaona gimba jingine huko nyuma ya Neptune, na mengine yakafuata. Mwaka 2005 Mike Brown na wenzake wakamtangaza Eris. Leo inajulikana kuwa kipenyo chake ni kilomita 2,326 na cha Pluto ni 2,377, lakini kwa uzito Eris anamzidi Pluto kwa zaidi ya robo.

Hapo Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulilazimika kuamua. Tarehe 24 Agosti 2006, mjini Prague, ulipitisha masharti matatu: sayari izunguke Jua, iwe na uzito wa kutosha kujifinyanga duara, na iwe imefagia eneo la njia yake. Gimba linalotimiza mawili ya kwanza tu, na si mwezi wa gimba jingine, ni sayari kibete. Ceres akapandishwa daraja siku ileile Pluto aliposhushwa. Haumea na Makemake wakaongezwa mwaka 2008.

Wapinzani, Alan Stern akiwa mstari wa mbele, walisema waliopiga kura walikuwa mia nne na kitu kati ya wanachama wapatao 10,000, na kwamba gimba lipimwe kwa lilivyo lenyewe, si kwa linavyokaa na majirani. Hoja yao ya pili ina nguvu, hasa baada ya chombo cha New Horizons kumpita Pluto tarehe 14 Julai 2015 na kuleta picha za milima ya barafu ya maji na uwanda wa nitrojeni iliyoganda. Hata hivyo Ceres anawajibu vizuri: bila kuwatazama majirani, karne ya kumi na tisa isingejua ikomee wapi.

Orodha rasmi ya umoja huo ya sayari vibete bado ina majina matano, Eris akiwemo. Quaoar, Gonggong, Sedna na Orcus huitwa sayari vibete na wanaastronomia wengi, ingawa hawajaandikishwa. Darubini ya Vera Rubin huko Chile, iliyotoa picha zake za kwanza Juni 2025, inatarajiwa kuonyesha maelfu ya magimba mengine nyuma ya Neptune.