Nyota wa Muhogo Mchungu

Mwaka 1962 waigizaji wawili walipanda daraja. Tarehe 22 Januari, Dar es Salaam, Julius Nyerere aliacha uwaziri mkuu wa Tanganyika ili akakijenge chama cha TANU, na kiti chake akakikalia Rashidi Mfaume Kawawa. Tarehe 5 Oktoba, London, ilioneshwa kwa mara ya kwanza sinema ya Dr. No. Ndani yake Sean Connery, mtoto wa Edinburgh aliyeacha skuli mapema, akasambaza maziwa mitaani na kung'arisha majeneza, alitokea kama James Bond. Connery alijulikana dunia nzima kwa uigizaji mpaka alipofariki tarehe 31 Oktoba 2020. Kawawa naye alijulikana, lakini kwa kazi nyingine. Kwamba aliwahi kuwa nyota wa sinema za Kiswahili, tena miongoni mwa nyota wa mwanzo kabisa, ni habari ambayo masimulizi ya historia yetu huipitia kwa sentensi moja na kuendelea na siasa.

Kwa watu wa Madungu, katika mji wa Chake Chake, jina la Kawawa liliingia majumbani kwa mlango wa serikali. Mwaka ule wa 1962 Pemba ilikuwa bado chini ya himaya ya Uingereza pamoja na Unguja, na waziri mkuu wa Tanganyika alikuwa kiongozi wa nchi jirani. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 na Muungano wa Aprili mwaka huohuo, Sheikh Abeid Karume akawa Makamu wa Kwanza wa Rais, na Kawawa Makamu wa Pili. Vijana waliokuwa skuli Chake Chake miaka hiyo walimsikia redioni mara kwa mara. Aliyemsikia akihutubia alikuwa anaisikiliza sauti iliyokwishafunzwa mbele ya kamera, kabla ya kupanda jukwaa lolote la siasa.

Kisa cha sinema katika upande huu wa pwani kina mizizi miwili. Mmoja ni biashara. Mjini Unguja, mwaka 1921, ulifunguliwa ukumbi wa Royal pale Vuga, mchoro wake ukiwa wa John Sinclair. Baadaye ukaitwa Majestic, ukaungua, na ukajengwa upya mwaka 1955. Huko watu walikwenda kustarehe, wakilipa kiingilio ili wamwone mwigizaji wa Bombay au wa Hollywood. Kisiwani Pemba fedha ya starehe ilifuata msimu wa karafuu. Zao likiwa jema, kila mwenye cha kuuza au cha kuonesha aliuvuka mkondo.

Mzizi wa pili ni serikali, na huu ndio uliomzaa Kawawa mwigizaji. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, ng'ambo ya Pemba ukivuka mkondo kuelekea Tanga, Waingereza waliendesha jaribio la kuwatengenezea Waafrika sinema zao. Fedha zilitoka kwa mfuko wa Carnegie wa Marekani, na msimamizi alikuwa Baraza la Kimataifa la Wamisionari. Fundi mkuu aliitwa L. A. Notcutt. Sinema 35 zilitengenezwa, juu ya kodi, kuweka akiba posta, mmomonyoko wa udongo, na safura, maradhi ambayo Mpemba yeyote wa zamani anayafahamu bila kuoneshwa. Picha zilikuwa mbali na sauti: maneno yalirekodiwa kwenye sahani za santuri, na mtu wa mashine alilazimika kuvipeleka vyote viwili sambamba, mdomo usije ukafunga wakati neno bado linatoka.

Waigizaji wa Vugiri walikuwa watu wa pale pale, wakulima na vibarua. Majina yao hayakuwekwa mbele, na wala hakuna aliyekusudia wawe nyota. Serikali ya kikoloni ilimtaka mwigizaji awe mfano wa mtu mwema au mtu mjinga, kisha arudi shambani kwake. Hata sinema kubwa ya Men of Two Worlds, iliyopigwa sehemu yake Tanganyika wakati wa vita na kutoka mwaka 1946, ikisimulia kisa cha malale na mganga, iliwapa nafasi kuu za Kiafrika waigizaji waliokuwa wakifanya kazi Uingereza: Robert Adams wa Guiana na Orlando Martins wa Nigeria. Mtu wa hapa alikuwa sehemu ya mandhari.

Mambo yakabadilika mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kampuni ya Afrika Kusini, African Film Productions, ilipewa kazi ya kutengeneza Tanganyika michezo mirefu kwa Kiswahili, yenye visa kamili, mazungumzo na vichekesho. Humo zikazaliwa Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi. Muhogo Mchungu inamfuata mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam na ushamba wake wote, akakutana na matapeli wa mji. Nafasi kuu ilishikwa na mtumishi kijana wa idara ya ustawi wa jamii, mzaliwa wa upande wa Songea, aliyesoma Tabora. Huyo ndiye Kawawa.

Ni vizuri kutua hapa, maana jambo hili ni zito kuliko linavyosimuliwa. Kumwigiza mshamba ni kazi ngumu kwa msomi wa Tabora. Wasomi wa wakati ule walikuwa wachache, na wengi walijitahidi waonekane tofauti na watu wa vijijini: suruali iliyopigwa pasi, kalamu mfukoni, Kiingereza kinywani. Kawawa alikubali kuonekana mbele ya umati kama mtu aliyepotea njia mjini, anayelaghaiwa, anayechekwa. Mwigizaji wa namna hiyo anapaswa kumwangalia mtu wa chini kwa makini: anavyokaa, anavyouliza njia, anavyoficha fedha yake, anavyoona haya akigundua kwamba ameibiwa. Sioni skuli bora zaidi kwa mtu ambaye miaka michache baadaye angewaongoza makuli, madereva na watumishi wa nyumbani.

Kazi ya ustawi wa jamii nayo ilimzungusha. Mwaka 1953, wakati wa vita vya Mau Mau nchini Kenya, alikwenda Urambo kuhudumia Wakikuyu waliokuwa wamezuiliwa huko. Wakati huohuo alikuwa akipanda katika chama cha watumishi Waafrika wa serikali, TAGSA, mpaka akawa rais wake. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi vilipojikusanya kuwa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, katibu mkuu alikuwa yeye. Migomo ya 1956 na 1957 Dar es Salaam ilimkuta katika kiti hicho. Sinema ikabaki nyuma. Utumishi wa serikali pia ukabaki nyuma, kwa sababu mtumishi wa serikali hakuruhusiwa kujiunga na TANU.

Hapa ndipo njia yake na ya Connery zinapokutana kwa namna ya ajabu, ingawa watu hao wawili walikuwa katika dunia mbali mbali. Connery, akiwa amekwishapata fedha na tuzo ya Oscar ya mwaka 1988 kwa sinema ya The Untouchables, alitumia umaarufu wake kuiunga mkono Scottish National Party na kudai Scotland ijitawale. Aliona bunge la Scotland likifunguliwa tena mwaka 1999. Kura ya maoni ya 2014 ikawaangusha wenzake waliotaka uhuru kamili. Yeye alikuwa mwigizaji kwanza, mwanasiasa wa pembeni. Kawawa aliiacha kamera akiwa kijana, na nchi yake ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwezi mmoja na siku chache baadaye alikuwa ndiye anayeiendesha serikali.

Kuna uzi mwingine wa Scotland katika maisha yake, nao ni wa vita. Kawawa, aliyekuwa amerudi katika uwaziri mkuu, aliuacha kwa mara ya pili Februari 1977, mwezi uleule TANU na Afro-Shirazi zilipoungana kuwa Chama Cha Mapinduzi. Akakabidhiwa Wizara ya Ulinzi. Mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin wa Uganda yakaivamia Kagera. Amin alipenda kujiita Mfalme wa Scotland, na alikuwa na hamu kubwa ya kuonekana. Kila kamera iliyoelekezwa kwake aliitumia. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Siku 10 baadaye, tarehe 21 Aprili, alizaliwa huko Glasgow mtoto aitwaye James McAvoy, ambaye mwaka 2006 angeigiza daktari kijana wa Kiskoti ndani ya The Last King of Scotland, akiwa mkabala na Forest Whitaker aliyemwigiza Amin. Sinema ile ilipigwa Uganda na ikampa Whitaker tuzo ya Oscar. Kawawa alikuwa hai ilipotoka. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009, akazikwa kwa heshima za kitaifa kama Simba wa Vita, jina alilobaki nalo hadi mwisho.

Lakini turudi kwenye kazi yenyewe ya uigizaji, maana huyo mtu mmoja hakuwa kazi nzima.

Serikali huru iliirithi kamera ya mkoloni pamoja na desturi yake. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968. Katikati ya miaka ya 1970 ikatoa Fimbo ya Mnyonge, kisa cha mkulima maskini anayekwenda mjini kutafuta maisha, akaja kuona nafuu katika kijiji cha ujamaa. Mtu wa shamba ameingia mjini tena! Ni mshamba yuleyule aliyeigizwa na Kawawa zaidi ya miaka 20 nyuma, ila safari hii anapewa suluhisho, na anayelisimamia suluhisho hilo nchini ni Kawawa mwenyewe, waziri mkuu wa miaka ya operesheni vijiji. Sijui kama kuna nchi nyingine ambako mwigizaji alihama kutoka ndani ya kisa mpaka akawa mtu wa kukiamulia mwisho wake.

Zanzibar ilikuwa na njia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilipata televisheni, tena ya rangi, wakati Bara ilisubiri mpaka 1994. Mchezo wa kuigiza ukaingia sebuleni. Kwa Pemba, ambako burudani ya watu wengi ilikuwa msewe, kirumbizi na mchezo wa ng'ombe, vitu vinavyochezwa uwanjani watu wakizunguka, mwigizaji wa kwenye kioo alikuwa kiumbe mpya.

Aliyekuja kuipa kazi hiyo uso wa kipwani alitoka ng'ambo tu ya Pemba. Amri Athumani, King Majuto, alizaliwa Msambweni, Tanga, mwaka 1948, na akaanza kuigiza mwaka 1958 akiwa mtoto. Tanga na Pemba zina undugu wa siku nyingi kwa majahazi, ndoa na biashara, na lafudhi ya Majuto haikumhitaji Mpemba kutega sikio mara mbili. Alipita jukwaani, akapita kwenye kanda za video, akafika kwenye santuri za DVD na matangazo ya biashara, karibu miaka 60 ya kazi moja. Alijua kunyamaza. Angeweza kusimama mlangoni akimtazama mwenzake, bila neno, na ukumbi mzima ukacheka. Wengi wanaodhani vichekesho ni kelele hawajamtazama vizuri.

Mwaka 2018 aliugua, akapelekwa India kwa matibabu, akarudi, na tarehe 8 Agosti akafariki Muhimbili. Wakati wa maradhi yake ilijulikana kwamba baadhi ya mikataba ya matangazo aliyoitia saini ilimlipa kidogo kuliko uso wake ulivyouza. Waziri mwenye dhamana ya sanaa, Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Jambo hilo liliniuma nilipolinganisha maisha yake na ya Kawawa. Mwigizaji wa mwanzo wa sinema zetu alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi, mjuzi wa kukaa mezani na mwajiri na kudai haki kwa hesabu na kwa mgomo. Ujuzi huo aliupeleka bandarini, majumbani na serikalini, na nchi ikafaidika. Kazi aliyoiacha, ya kamera, ikabaki bila msemaji wa uzito wake kwa zaidi ya nusu karne, hadi mchekeshaji mkubwa kuliko wote alipougua ndipo mikataba ikafunguliwa.

Sheria hazikukosekana. Bara ina chombo cha hakimiliki, COSOTA, kwa sheria ya 1999. Zanzibar ina chake, COSOZA, kwa sheria ya 2003, kwa kuwa hakimiliki si jambo la Muungano. Kijana wa Madungu anayepiga sinema yake leo yuko chini ya COSOZA. Mwenzake wa Msambweni, Tanga, yuko chini ya COSOTA. Wote wawili wanazungumza Kiswahili kilekile, na mtazamaji wao ni yuleyule, kwa hiyo mchezo uliopigwa Chake Chake unaweza kuuzwa Tanga kabla haujafika Unguja. Mkataba wa mchezo wa namna hiyo unapaswa kutaja pande zote mbili za mkondo kwa majina yake, pamoja na malipo ya kila mara picha inaporudiwa, kabla mwigizaji hajatia saini na kabla kamera haijawashwa.