Ugumu wa Msamiati na Historia Yake: Riwaya ya Kusadikika Machoni pa Msomaji wa Songwe

Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1951, hutajwa kuwa na msamiati mgumu. Makala haya yanatetea hoja kwamba ugumu huo umezaliwa na historia, na haumlemei kila msomaji kwa kiwango kimoja. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ni ushahidi wa hoja hiyo.

Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Kiunguja, chini ya kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930. Shaaban Robert, aliyezaliwa Tanga mwaka 1909, aliandika kwa Kiswahili cha mwambao, ambako maneno ya asili ya Kiarabu yalizoeleka chuoni na msikitini. Huko Mbozi, Ileje na Momba, penye wasemaji wa Kinyiha, Kindali na Kinyamwanga, Kiswahili kiliingia kama lugha ya pili kupitia utawala, shule na biashara. Barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, ziliimarisha Kiswahili cha mpakani Tunduma. Lakini hicho ni Kiswahili cha soko na safari, kisichohitaji neno kama "auni".

Tofauti hiyo inagusa kiini cha riwaya. Majivuno, waziri anayemshtaki Karama kwa kutaka elimu ya sheria ifundishwe, ana jina linalofumbuliwa kwa kanuni za Kibantu: mzizi wake ni kitenzi "jivuna". Buruhani na Auni, baadhi ya wajumbe wanaotajwa katika utetezi wa Karama, hawafumbuliki hivyo. Asiyejua kwamba majina yao yana maana ya uthibitisho na msaada husoma majina matupu, na istiari humpita. Jina la riwaya lenyewe limeunganisha pande mbili: "sadiki" ni la Kiarabu, ilhali "ku-" na "-ka" ni viambishi vya Kibantu.

Kwa hiyo, orodha ya maneno na maana zake haitoshelezi. Mwanafunzi wa Songwe ana ujuzi wa uambishaji kutoka lugha yake ya kwanza. Aanzie hapo, kisha aelezwe chimbuko la maneno yaliyobaki. Bila hivyo, riwaya inayotetea haki ya kila raia kuelimishwa itabaki mali ya wachache.