Kazi ilikuwepo kabla ya mgeni kufika Eastlands

Katika ligi ya watoto ya Mathare, timu inaweza kuichapa jirani yake mabao 5 na bado ikawa nyuma yake kwenye jedwali. Ushindi uwanjani huleta pointi 3 za kawaida. Kuzoa takataka na kuzibua mitaro ya mtaa huleta 6. Utaratibu huo ni wa Mathare Youth Sports Association, au MYSA, chama kilichoanzishwa mwaka 1987 na Bob Munro, Mkanada aliyekuwa Nairobi akifanya kazi za ushauri wa mazingira na maendeleo. Siku ya usafi vijana hujipanga pembeni mwa mtaro mweusi na reki, sepetu na wilbaro, suruali zimekunjwa hadi magotini, wenye gambuti wakihesabika. Kiongozi wa timu huandika majina ya waliofika, maana pasipo jina hakuna pointi.

Wageni waliopitia Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, kwa programu za kujitolea ni wengi, na si wote waliokuta kazi imepangwa namna hiyo. Wengine walitafutiwa kazi baada ya kufika. Ukifuatilia historia ya programu hizi kutoka Starehe hadi Korogocho, tofauti kati ya makundi hayo mawili ndiyo inayoeleza kwa nini baadhi ziliacha kitu mtaani na nyingine ziliacha picha tu.

Mtindo wenyewe ulizaliwa mbali. Mwaka 1920, Pierre Cérésole wa Uswisi aliwakusanya vijana wa mataifa yaliyotoka kupigana ili wajenge upya kijiji cha Esnes, karibu na Verdun nchini Ufaransa. Kambi hiyo ya kazi ikawa mama wa kambi nyingi. Mwaka 1958 Alec Dickson akaanzisha shirika la kujitolea la VSO nchini Uingereza, ambayo mwanzoni ilituma vijana waliotoka tu kumaliza shule. Kenya ilianza kuandaa kambi zake mwaka 1962, kabla ya Uhuru, kupitia chama ambacho leo ni Kenya Voluntary Development Association. Peace Corps ya Marekani ilifungua programu yake hapa mwaka 1964, ila wengi wa watu wake walielekea mashambani na kwenye shule za mikoani. Mtu wa mitaa ya Eastlands kama Bahati au Makongeni aliwasikia redioni tu.

Eastlands ilikuwa na njia yake. Novemba 1959, Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walifungua kituo cha vijana cha Starehe, si mbali na Kariokor, kwa vibanda viwili vya mabati. Nchi ilikuwa bado chini ya hali ya hatari, na mitaani walijaa watoto waliopotezana na wazazi wao. Walimu wa kujitolea kutoka Uingereza walikuja baadaye, wakakuta kengele inalia kwa saa na ratiba iko ukutani. Starehe haikuishia kupokea. Iliwazoesha wanafunzi wake nao kujitolea wakati wa likizo, hospitalini na katika ofisi za umma. Kwa hiyo mvulana wa Starehe hakumwona mgeni anayefundisha bila mshahara kama kiumbe wa ajabu. Likizo ikifika, zamu ilikuwa yake.

Miaka 14 baadaye, mwaka 1973, Padri Arnold Grol kutoka Uholanzi alianzisha Undugu Society kwa ajili ya wale walioitwa "parking boys", watoto waliokuwa wakielekeza magari katikati ya jiji ili wapate senti. Wengi wao jioni walirudi Mathare na Pumwani, na Undugu ikawafuata huko kwa madarasa, ufundi, na baadaye ujenzi wa nyumba katika vijiji vya Kitui, Kanuku na Kinyago. Kule Korogocho, Padri Alex Zanotelli wa shirika la Wakomboni alihamia mtaani na kuishi kwa zaidi ya miaka 10, hadi mwaka 2002. Hao hawakupangiwa wiki mbili. Walikaa hadi majirani wakawajua, na hadi wakajua nani mtaani ana deni na nani ana kisima.

Hata hivyo sura yenye mengi zaidi ni ya MYSA na Norway. Mwaka 1990 timu ya wavulana wa Mathare ilikwenda Oslo kucheza Norway Cup, mashindano ya vijana yanayofanyika kwenye viwanja vya Ekeberg tangu 1972. Watoto waliokuwa wakicheza kwa mpira wa juala na kamba wakajikuta kwenye nyasi, wakilala darasani pamoja na wachezaji wa nchi nyingine. Safari hizo ziliendelea, na timu za wasichana nazo zikafuata baada ya ligi yao kuanza mwaka 1992. Mjadala mtaani ulikuwa mkali, maana kila mzazi alitaka mwanawe apande ndege. MYSA ilikuwa na jibu mkononi: lile daftari la usafi, pamoja na kazi ya kufundisha wadogo. Anayetaka kubishana, abishane na daftari.

Kisha sera ya Norway yenyewe ikageuka. Fredskorpset, shirika la serikali lililoundwa mwaka 1963 kupeleka Wanorwe katika nchi zilizoitwa changa, liliundwa upya mwaka 2000 kwa masharti mapya: atakayekwenda lazima mwingine aje, na Mwafrika aweze pia kwenda kwa Mwafrika mwenzake. Leo shirika hilo linaitwa Norec na makao yake yako Førde. Kwa MYSA mabadiliko hayo yalikuwa na uzito, kwa kuwa kocha wa Mathare sasa angeweza kusafiri kama mfanyakazi anayejua kitu, si kama mtoto wa kuhurumiwa. Naye Mnorwe aliyekuja alikabidhiwa timu, ratiba na zamu ya usafi kama mtu mwingine yeyote.

Mfano mwingine ni wa kamera. Mwaka 1997 mpiga picha Lana Wong kutoka Marekani, pamoja na Francis Kimanzi wa MYSA, waliwapa watoto 31 wa Mathare kamera za plastiki za bei rahisi. Watoto walipiga walichotaka wao: mama akifua, rafiki akilala, bonde baada ya mvua. Mwaka 1999 kazi yao ikatoka kama kitabu, Shootback. Hadi wakati huo picha za Mathare zilikuwa zikipigwa na wapita njia. Kimanzi baadaye alikuja kuifundisha timu ya taifa ya soka, Harambee Stars, na sidhani Wakenya wengi wanaomjua kwa mpira wanajua kwamba aliwahi kugawa filamu kwa watoto.

Wakati huohuo biashara ilikuwa inanukia. Kuanzia miaka ya 1990, kampuni za Ulaya na Marekani zilianza kuuza nafasi za kujitolea kama tiketi za likizo: wiki mbili au nne, ada kwa dola, chumba, chakula na safari ya Maasai Mara mwishoni. Nafasi iliyouzika kwa urahisi kuliko zote ilikuwa nyumba ya watoto. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mgeni wa miaka 19 asiyejua Kiswahili anabeba mtoto kwa siku 14, anaondoka, anakuja mwingine. Mtoto anajifunza kumkumbatia yeyote anayeingia mlangoni. Mbaya zaidi, penye wageni wanaolipa, nyumba ina sababu ya kutomrudisha mtoto kwa shangazi yake wa Kayole hata kama shangazi yupo na anamtaka.

Serikali ilichukua muda, lakini ilichukua hatua. Novemba 2014 ilisimamisha watoto wa Kenya kuasiliwa na wageni wa nchi za nje. Mwaka 2017 usajili wa nyumba mpya za watoto ukasitishwa. Mwaka 2022 ikapatikana Sheria mpya ya Watoto, pamoja na mkakati wa miaka 10 wa kuwarudisha watoto katika familia. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 2011 nayo inamtaka mgeni anayefanya kazi ya hisani awe na kibali chake. Kujitolea si utalii, hata kama hulipwi.

Usalama ulipunguza wageni kuliko sheria. Ghasia za uchaguzi mwanzoni mwa 2008 ziliwafanya wengi wafungashe. Milipuko ya mabomu katika soko la Gikomba ilitokea Mei 2014, na mwaka huohuo Peace Corps ikasimamisha kazi yake Kenya. Machi 2020 korona ilizuia ndege, na Mei mtaa wa Eastleigh ukafungwa. Siku hizo waliogawa sabuni na kuweka madumu ya kunawia mikono kwenye vichochoro vya Mathare walikuwa vijana wa palepale.

Sasa msafara unaelekea upande wa pili. Ujerumani, iliyoanzisha programu ya weltwärts mwaka 2008 ili kutuma vijana wake nje, ilifungua mlango wa kupokea vijana kutoka nchi za kusini mwaka 2013. Vijana hao huingia kupitia huduma ya kujitolea ya kitaifa iliyoundwa mwaka 2011 baada ya Ujerumani kusitisha utumishi wa lazima jeshini. Kijana wa Umoja au Dandora anaweza kukaa mwaka mzima akifanya kazi katika chekechea au nyumba ya wazee. Septemba 2024 Nairobi na Berlin zilitia saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi, na tangu hapo madarasa ya Kijerumani yamejaa.

Mawakala nao wamejaa. Tangazo la "nafasi ya kujitolea Ulaya" limebandikwa kwenye nguzo ya stima, na ada inatakiwa kwa M-Pesa kabla ya mahojiano. Programu zinazogharamiwa na serikali, kama weltwärts na Norec, hupitia mashirika yanayojulikana pande zote mbili, na mwenyeji hutajwa kwa jina mapema. Kwa kazi za mshahara, mawakala hutakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Kabla hujatuma hata shilingi moja, uliza mambo mawili: wakala amesajiliwa wapi, na huko uendako ni kazi gani hasa inayokungoja. Akishindwa kujibu la pili, usimtumie pesa.